Mashine ya Boti Si Shauri la Vijana Peke Yao



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tumeletewa swali lisilo la kawaida katika safu hii. Mama mmoja wa upande wa Mtwapa ametuandikia kwamba nyumbani kwao wana boti ya faiba yenye urefu wa futi 17. Siku za mapumziko huitumia kutembea ndani ya hori na kuwavuta watoto wao wanaoteleza juu ya maji kwa mbao. Mashine ya boti hiyo imekufa, na fundi amesema haifai tena kutiwa fedha.

Mume wa mama huyu yuko Doha kikazi, naye amemtumia mkewe fedha za kununulia mashine nyingine. Wanawe wawili wakubwa wamekwisha kupatana na mtu mwenye mashine kuukuu ya nguvu za farasi 115, nao wanamhimiza mama yao alipe kabla haijachukuliwa na mwingine. Shemeji yake naye asema hayo ni makuu ya vijana, na kwamba mashine mpya ya arubaini yatosha. Kuna pia binti wa miaka 14 ambaye ataka kujifunza mchezo huu pamoja na kaka zake. Mama anatuuliza mambo mawili: ni mashine ipi inunuliwe, na je, yafaa mwanamke kujitia katika shauri la mashine ilhali wanaume wa nyumba wapo?

Twaanza na la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi. Fedha hizo amekabidhiwa yeye, nazo ni amana. Watakaopanda boti hiyo ni watoto aliowazaa. Mwenye amana hana budi kujua anakinunua nini na kwa sababu gani. Kuujua ufundi wote si lazima, lakini kuuliza na kuelewa majibu ni lazima.

Wala si jambo geni katika historia ya chombo chenyewe. Mashine ya kufungwa tezini ilianza kuenea duniani kutokana na kazi ya Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Wisconsin, Marekani, na kuuza mashine zake tangu mwaka 1909. Husimuliwa kwamba fikira hiyo ilimjia baada ya kupiga makasia siku ya joto kali ili amletee mchumba wake aiskrimu, nayo ikayeyuka kabla hajafika. Mchumba huyo, Bess, alipokuwa mkewe ndiye aliyeshika hesabu, barua na matangazo ya biashara yao. Mume aliunda, mke akauza. Basi mwanamke na mashine ya boti wajuana tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye swali la kwanza. Wahenga wetu walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo iliyo ndogo mno hukichosha chombo, na iliyo kubwa mno hukiangamiza. Kazi yetu ni kupata iliyo sawa.

Jambo la kwanza ni kukisoma kibati. Boti nyingi za faiba zilizotoka kiwandani huwa na kibati karibu na usukani au tezini, kinachoeleza mwisho wa nguvu za mashine inayoruhusiwa, na mwisho wa uzito na idadi ya watu. Mama ametuambia kibati cha boti yao kimeandikwa 90. Kwa neno hilo moja, shauri la mashine ya 115 limekwisha. Aliyeiunda boti aliupima ubao wa tezi unaoibeba mashine, na akapima jinsi boti itakavyogeuka ikiwa katika mwendo. Mashine inayozidi kipimo hicho huweza kuupasua ubao, kuizamisha tezi, au kuipindua boti katika kona kali. Tena ajali ikitokea, mwenye boti hatakuwa na la kujitetea mbele ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya wala mbele ya kampuni ya bima. Iwapo boti ya msomaji imeundwa hapa kwetu na haina kibati, basi amwendee aliyeiunda na kumwuliza. Asikisie.

Jambo la pili ni uzito. Tumfanyie mama huyu hesabu. Tuseme boti tupu ina kilo 450. Mashine mpya ya kati ya 75 na 90 huwa na kilo kama 165. Petroli lita 60 ni kilo 45. Watu wanne ni kilo 280. Betri, nanga, kamba, mbao za kutelezea na makoti ya kuokolea tuyape kilo 60. Jumla ni kilo 1,000. Kanuni ya kukadiria inayotumiwa na mafundi wengi ni kwamba boti ya matembezi yataka nguvu moja ya farasi kwa kila kilo 11 hadi 18 za uzito wote.

Mashine ya 90 itabeba kilo 11 kwa kila nguvu moja. Ya 75 itabeba kilo 13 na kidogo. Zote mbili zimo ndani ya kanuni. Mashine ya arubaini, ingawa yenyewe ni nyepesi zaidi, itabeba kilo 23 kwa kila nguvu moja, nayo iko nje kabisa. Shemeji amekusudia kheri na kubana matumizi, lakini kuna jambo amelisahau. Kumvuta mtu anayeteleza si sawa na kutembea. Mtu aliyechuchumaa majini na mbao miguuni ni mzito kama nanga, na yapaswa boti impandishe mgongoni mwa maji kwa sekunde chache tu. Ikishindwa, mtu hunywa maji, mikono humchoka, na aliye kwenye usukani husukuma mashine hadi mwisho wa nguvu zake kila mara. Mashine inayoendeshwa hivyo siku zote haidumu. Lau boti hii ingekuwa ya kuvulia mshipi au kupeleka jamaa arusini ng'ambo ya hori, tungesema arubaini ni nyingi.

Jambo la tatu ni aina ya mashine. Zipo za mipigo miwili na za mipigo minne, ambazo mafundi wetu huziita tustroku na fostroku. Ya mipigo miwili ya mtindo wa zamani huchoma petroli iliyochanganywa na oili, aghalabu lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli. Ni nyepesi, haina mambo mengi, na fundi yeyote wa kijijini huweza kuifungua na kuifunga. Ndiyo sababu wavuvi wetu wa Lamu hadi Vanga wameipenda miaka mingi, nasi hatuwalaumu. Anayekwenda mbali na mji ataka mashine anayoweza kuitengeneza mwenyewe juu ya mchanga.

Lakini mashine hiyo hutoa nje sehemu kubwa ya petroli, hata kufikia robo, bila kuichoma, nayo ndiyo ile rangi ya upinde wa mvua tunayoiona ikielea juu ya maji karibu na mikoko. Ya mipigo minne haina oili ya kuchanganya. Ina oili yake ndani kama gari, ambayo yataka kubadilishwa kwa wakati. Hutumia petroli kidogo zaidi, haswa katika mwendo wa kati, na haina kelele nyingi. Hili la kelele si anasa. Mtoto akianguka majini na kupiga ukelele, aliye botini amsikie. Kwa familia inayocheza ndani ya hori, karibu na mafundi wa Mombasa, twaona mipigo minne ndiyo ifaayo. Tahadhari moja tu: ni nzito kuliko ile ya zamani, basi siku ya kuifunga itazamwe kama maji yanapanda mno kwenye ubao wa tezi boti ikiwa imesimama na watu wamo ndani.

Jambo la nne ni mguu wa mashine. Mashine moja huuzwa kwa miguu ya urefu mbalimbali, na iliyo mingi ni ya inchi 15, 20 na 25. Pimeni kutoka juu ya ubao wa tezi, pale mashine inapokaa, hadi chini ya boti. Mguu mfupi kuliko ubao utaifanya rafadha ivute hewa badala ya maji, mashine ipige kelele na boti isiende. Mguu mrefu mno huburura maji na kugonga mawe maji yakitoka. Lile bapa lililo juu kidogo ya rafadha linapaswa kuwa karibu sawa na chini ya boti. Kipimo hiki huchukua dakika mbili kwa utepe wa fundi cherehani, na kimewaokoa wengi kununua kitu wasichoweza kukitumia.

Jambo la tano ni rafadha yenyewe, ambayo wengine huiita panga. Wengi hutumia fedha nyingi katika mashine kisha wakachukua rafadha yoyote waliyopewa dukani. Rafadha ina kipimo cha hatua, yaani inchi ambazo ingesonga mbele katika mzunguko mmoja lau maji yangekuwa kitu kigumu. Hatua ndefu huleta kasi ya mwisho, na hatua fupi huleta nguvu ya kuondokea. Kwa kuvuta watu, twataka iliyo fupi kidogo. Kila inchi moja mkipunguza, mizunguko ya mashine huongezeka takriban 150 hadi 200 kwa dakika. Fundi na apime boti ikiwa na mzigo wake kamili, aone kwamba mashine yafikia mizunguko iliyotajwa na kiwanda, ambayo kwa mashine nyingi za mipigo minne ni kati ya 5,000 na 6,000, wala haiipiti. Na rafadha ya alumini yatosha. Ikigonga mwamba itavunjika yenyewe, ambayo ni hasara ndogo kuliko kuvunjika gia.

Jambo la sita ni gharama ya kuitumia, kwa maana bei ya dukani ni mwanzo tu. Kwa kukadiria, mashine ya mipigo minne ikiendeshwa kwa nguvu zote hunywa kwa saa moja kama lita 28 ikiwa ni ya 75, na lita 34 ikiwa ni ya 90. Katika mwendo wa kati huwa nusu yake au chini ya hapo. Mama na apige hesabu: wakitoka mara mbili kwa mwezi, saa tatu kila mara, ni lita ngapi, na bei ya petroli leo ni ngapi? Kisha aongeze huduma ya kwanza, ambayo kwa aina nyingi ni baada ya saa 20, na huduma nyingine kila saa 100 au kila mwaka. Kama jumla hiyo itakula karo ya madrasa au ya shule, basi si mashine yao, hata ingekuwa nzuri namna gani. Israfu haiwi halali kwa kuwa imefungwa tezini.

Jambo la saba ni jina la mashine. Hatutangazi biashara ya mtu hapa, lakini twakumbusha kwamba hata jina la Evinrude, tulilolitaja juu na lililodumu zaidi ya miaka 100, lilikoma kutengenezewa mashine mpya mwaka 2020. Uzuri wa mashine ni pamoja na kupatikana kwa vipuri vyake. Kabla ya kulipa, nenda dukani Mombasa ukaulize vitu vitatu: kichujio cha petroli, kibawa cha mpira cha pampu ya maji, na plagi. Ukiambiwa viagizwe kutoka ng'ambo, jua kwamba Idi mojawapo boti italala nchi kavu.

Tuirudie mashine kuukuu ya vijana. Hatusemi mashine iliyotumika haifai. Yaweza kufaa, ikiwa haizidi kibati na ikiwa imekaguliwa. Fundi asiye jamaa wa muuzaji apime mgandamizo wa kila silinda, nazo zisitofautiane zaidi ya asilimia 10. Afungue oili ya gia aitazame. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Atazame chumvi iliyokula chini ya kifuniko. Na la muhimu kuliko yote, nambari ya mashine iwe haijakwaruzwa na muuzaji awe na risiti yake. Mashine za boti huibiwa katika pwani hii, na mwenye kuibiwa aghalabu ni mvuvi ambaye riziki ya wanawe ilifungwa tezini. Bei ya chini mno nayo ni ushahidi. Muuzaji anayesema lipa leo au utaikosa, na aachwe aiuze kwa mwingine.

Na kwa kuwa tumefika kwenye malipo, kuna neno la kumwambia mama huyu. Ametueleza kuwa fedha alizonazo zatosha mashine mpya ya 75, na kwamba duka moja liko tayari kumkopesha zilizobaki ili achukue ya 90, kwa nyongeza ya kila mwezi. Tofauti ya 75 na 90 katika hori ni kasi kidogo na mwondoko mwepesi kidogo. Haistahili kuiingiza nyumba katika riba kwa ajili ya mchezo. Achukue ya 75, alipe taslimu, apewe risiti na dhamana kwa maandishi, na ayaweke pamoja na hati za nyumba.

Bado kuna jambo ambalo halinunuliwi dukani, nalo ndilo lililotufanya tuliandikie swali hili ukurasa mzima. Mashine mpya itakuwa na nguvu kuliko ile iliyokufa, na vijana watafurahi. Kabla funguo hazijatoka mkononi mwa mama, na awape masharti. Kila aliyemo avae koti la kuokolea, si kulikalia. Anayeshika usukani ajifunge ile kamba nyekundu ya kuzimia, ili akianguka mashine ife papo hapo. Asiwe peke yake kamwe. Awepo wa pili anayemtazama anayevutwa, kwa sababu macho hayawezi kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Na anapomrudia aliyeanguka, mashine izimwe kabisa kabla mtu hajasogea tezini. Kuiacha ikinguruma taratibu si kuizima. Rafadha yaweza kuzunguka, nayo haitambui mguu wa ndugu.

Binti naye ana haki ya kujifunza, pamoja na jamaa zake na katika stara yake. Lakini buibui na mtandio mrefu si vazi la mchezo huu. Vikilowa huwa vizito, tena vyaweza kunaswa na kamba. Yapo mavazi ya kuogelea ya stara, mepesi, yenye kufunika mwili na kichwa, na anunuliwe hilo kabla ya siku ya kwanza. Aanze kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 25 kwa saa. Mtu mzima hutaka kama 35 hadi 40. Kaka zake wasimjaribie kasi yao.

Na wasisahau kwamba hori si lao peke yao. Yumo mvuvi katika ngalawa yake, na wamo wanawake na watoto wanaookota chaza ufukweni maji yakitoka. Wimbi la boti yenye kasi huweza kuijaza maji ngalawa na kumpotezea mtu kazi ya usiku kucha. Wakimwona mtu, wapunguze mwendo, wampe salamu, kisha wakacheze mbali naye.

Wakirudi, mashine ioshwe ndani kwa maji matamu dakika kumi hadi kumi na tano. Maji ya visima vyetu vingi vya pwani yana chumvi, basi yaonjwe kwanza. Vile vipande vya madini vilivyofungwa ili viliwe na chumvi badala ya mashine visipakwe rangi, na vibadilishwe vikifika nusu. Kazi hii wapewe vijana wenyewe. Aliyeosha mashine kwa mkono wake huiendesha kwa huruma.

Alhasili, jibu letu kwa mama ni hili. Mashine ya 115 aiache kwa sababu ya kibati. Ya arubaini aiache kwa sababu ya uzito. Anunue mpya ya 75, ya mipigo minne, yenye mguu uliolingana na ubao wa tezi, kutoka kwa muuzaji mwenye vipuri hapa hapa. Kabla hajalipa, amwandikie mumewe hesabu hii yote, awasomee wanawe na shemeji yake kwa upole, na awaulize kama yupo anayeiona kosa. Nahodha wengi chombo huenda mrama, lakini nahodha asiyeshauriana naye hukipandisha mwambani. Vijana wakinung'unika, awapeleke botini, awaoneshe kibati, na wakisome kwa sauti wao wenyewe.

Wabillahi tawfiq.